Glavu ya Mkono wa Kushoto

9 Februari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Shikamoo yako najua iko njiani, hata kama kalamu yako bado imelala. Huku wote wazima ukiniondoa mimi. Goti limemshika baba yako tena, na sasa anagombana na redio kana kwamba ndiyo iliyompa. Paka amezaa watano kwenye kapu la vitambaa vya wateja. Nimekataa kumhamisha.

Nakuandikia kwa sababu simu siiwezi. Mdomo una ladha ya msumari, na nikisema maneno kumi natamani kutema yote. Tena nikizungumza nyumbani kaka yangu anasikiliza, halafu anajifanya anatafuta miwani.

Basi Jumanne nimepata dripu ya pili. Wewe ndiye uliyeniingiza kwenye utafiti wenu, wewe ndiye uliyesema, "Shangazi saini, ni jambo jema." Sasa sikiliza nilichosaini.

Chumba kina viti sita vya plastiki ya kahawia. Ukikaa dakika kumi mapaja yanagandana nayo, ukiinuka unaacha umbo lako la jasho, na anayefuata analikalia. Chini ya kila kiti kuna beseni. Langu lina ufa, na aliyelitumia kabla yangu aliacha kumbukumbu kwenye huo ufa. Nesi wetu anaingia na kuuliza, "Tumelalaje leo? Tumetapika?" Nikamwambia mimi nimetapika, yeye sijui. Tumempa jina la Tumelalaje.

Halafu glavu. Kwenye kona kuna friji la barafu linalonguruma, na humo ndimo zinamokaa. Unavaa moja tu, saa moja na nusu, na mkono wa pili unauacha wazi ili ninyi huko muone tofauti. Mkono gani? Bahasha inasema. Yangu ilisema kushoto. Miaka thelathini na moja nashona kwa kulia, ninatia uzi kwa kulia, napasua suruali za watu kwa kulia, na bahasha inanihurumia kushoto. Nilimwomba Tumelalaje anibadilishie, akasema bahasha ikishasema imesema.

Na ndani ya glavu, mwanangu, kulikuwa na jasho la mtu mwingine limeganda. Nilipitisha kidole kimoja kimoja nimefumba macho. Kinyaa nilichokisikia hata saratani yenyewe haijanipa.

Nisalimie huo mji wako.

Shangazi yako


24 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo sana. Mwambie baba goti lipakwe dawa, redio haina kosa. Mimi mzima, ila chumba tunachofanyia kazi hakina dirisha na tuko makarani wanne, mmoja wetu anakula mayai ya kuchemsha mezani kila siku saa nne. Usifikiri kinyaa ni chako peke yako.

Kuhusu glavu umenifanya nione haya. Nimeandika kwamba kila mgonjwa apewe soksi nyembamba ya mkono ya kuvaa ndani, na kwamba glavu zifutwe. Kama hawajafanya hivyo hadi wiki ijayo, niambie.

Lakini bahasha, Shangazi, usiigombeze. Dawa ile inakwenda mpaka ncha za vidole na kuwatia watu ganzi. Wengine inawaacha baada ya miezi, wengine haiwaachi. Tunadhani barafu inazuia damu isipeleke dawa nyingi kule. Tunadhani tu. Kila mtu akichagua mkono anaoupenda, atautunza huo kwa namna nyingine pia, na hatutajua kilichosaidia ni barafu au ni mapenzi. Kwa hiyo mkono unachaguliwa kwa kura. Fomu zinakuja kwangu kutoka kliniki nne, hazina majina, namba tu. Sitakiwi kujua namba yako ni ipi, na wala hapa hawajui kwamba nina shangazi kwenye viti vile.

Vumilia. Ni mkono tu, na ni wiki kumi na mbili.

Mwanao, Chiriku


30 Machi

Chiriku,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu mdomo ulichanika wote, ndani ya mashavu na chini ya ulimi. Wiki mbili nilikuwa nakunywa uji uliopoa kwa kijiko cha mtoto. Tumelalaje alinipa maji ya kusukutua ya rangi ya waridi. Yana ladha ya sabuni ya kuogea mbwa, lakini yamesaidia, na mimi si mtu wa kumnyima mtu haki yake. Nywele zimeondoka. Baba yako alipoona kichwa changu alisema nimefanana na mama yetu, kisha akaenda kukaa chooni muda mrefu. Paka wanne wamepata wenyewe.

"Ni mkono tu," uliniandikia. Barua hiyo niliikunja nikaiweka chini ya mguu wa cherehani iliyokuwa inacheza. Sasa haichezi.

Nimefika dripu ya tisa. Ganzi imeingia. Vidole vya kushoto vimekuwa kama vya mtu mwingine, juzi niliunguza kimoja kwenye pasi na nilijua kwa harufu. Niliitapikia ile harufu, harufu yangu mwenyewe. Wa kulia nashukuru ni mzima, uzi unaingia kwenye sindano mara ya kwanza.

Soksi za ndani zimekuja, ahsante. Na chumba kile sasa kina mtu wa kukiangalia. Mabeseni yenye ufa nimeyatupa mwenyewe. Wageni ninawaelekeza mimi, maana Tumelalaje akishachomeka dripu anakwenda kunywa chai na kurudi wakati wa kuvua glavu. Kuna mwenzetu mmoja, mwalimu wa shule, mpole, haombi kitu. Sindano ya kuzuia mzio inamlaza palepale, mdomo wazi, udende unashuka. Wengine wanageuka upande. Mimi namfuta, namfunika, namweka vizuri. Wewe huwaoni hawa, una namba zao.

Shangazi


16 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia kwa baba kwamba dripu zimekwisha na umekula ukashiba. Anasema umeanza kumtukana kama zamani, akasema hivyo kwa furaha.

Nina jambo na naomba ulisome umekaa.

Tumeanza kujumlisha. Kliniki tatu zinasema glavu inasaidia, mkono uliovaa una ganzi kidogo kuliko ulioachwa. Kliniki yenu haisemi hivyo. Ninyi ni wanawake ishirini na wawili. Kumi na moja bahasha ziliwapa kulia, na mikono yao ya kulia ni mizima. Kumi na moja bahasha ziliwapa kushoto, na mikono hiyo ya kushoto, inayodaiwa kuvaa glavu, ndiyo iliyokufa. Yaani kliniki nzima mikono ya kulia imepona na ya kushoto imeharibika, kana kwamba dawa inajua upande.

Profesa wetu ameangalia kwa dakika moja. Akasema, "Wanawake wa kliniki ile hawajui kushoto na kulia." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, Shangazi. Nilicheka kwa sauti, na jioni nilipokuwa napiga mswaki nilijiangalia kwenye kioo nikatema mate.

Kliniki yenu ikijumlishwa na nyingine, faida yote inazama. Ataandika kwamba glavu haina maana. Mafriji yataondolewa kliniki zote nne, na wanawake watakaokuja mwakani hawatavalishwa kitu, si kulia si kushoto.

Uliniandikia mwezi wa tatu kwamba mkono wako wa kulia ni mzima. Na barua yako yenyewe ilikuwa na mwandiko ulionyooka kama mshono. Mkono ulioachwa wazi hauandiki hivyo baada ya dripu tisa.

Je, mlibadilisha?

Chiriku


20 Mei

Chiriku,

Marahaba. Baba yako mzima. Paka mzima.

Mimi si mshitakiwa wako. Nilikalia jasho la watu wiki kumi na mbili kwa sababu yako, na leo unanipima mwandiko. Kama mlitaka mtu wa kuangalia nani kavaa nini, mngemweka. Mliweka anayekwenda kunywa chai.

Usiniulize tena habari ya chumba kile.

Shangazi


11 Juni

Shangazi,

Shikamoo, na nisamehe. Baba ameniambia hukushona wiki nzima na kwamba unafunga mlango. Sikuandika ili kukuumiza.

Ni kweli tulimweka anayekwenda kunywa chai. Nimezipitia fomu zake tena. Kila wiki ameandika "kushoto" au "kulia" kwa kunakili bahasha, kwa mwandiko mmoja, kwa kalamu moja, hata siku ambazo naamini hakuwapo. Nimesoma fomu mia mbili na sitini na nne za namna hiyo. Profesa anazo na hajafungua hata moja. Anasema karatasi ni kazi ya makarani.

Kubadilisha nakuelewa. Fundi bila mkono wa kulia ni nani? Ningekuwa mimi ningebadilisha dripu ya kwanza. Nikipata maneno yako kwa maandishi, kwamba waliopewa kushoto walivaa kulia, naweza kumlazimisha azitoe namba zenu kwenye hesabu. Kliniki tatu zilizobaki zitasema ukweli wao na mafriji yatabaki. Hakuna atakayewanyima matibabu, nimeuliza.

Lakini kuna moja siielewi, na lazima nikuulize, kwa sababu ataniuliza. Fomu ya mwanzo inauliza mtu anatumia mkono gani. Kati yenu ishirini na wawili, mmoja tu anatumia kushoto, namba kumi na tano. Na bahasha yake ilimpa kushoto. Huyo alikuwa na bahati yake mkononi. Hakuwa na sababu ya kubadilisha. Lakini mkono wake wa kushoto umekufa kama wa wengine, na kipimo chake ndicho kibaya kuliko vyote.

Kwa nini yeye abadilishe, Shangazi?

Chiriku


8 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu, na baba kwenye simu anasema "yupo, yupo" na kuhamia habari za mvua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na najua utanitukana kwa kukuletea wahenga.

Profesa atasaini taarifa mwisho wa Agosti. Friji la kliniki moja limeshaombwa na watu wa maabara, wanataka kuwekea sampuli za mkojo.

Siku zinakwisha.

Chiriku


2 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Barua hii nimeianza mara nne. Tatu nimezichoma kwenye jiko la pasi.

Ndiyo. Dripu ya tatu Tumelalaje alipotoka, nilivua kushoto nikavaa kulia. Hakuna aliyeona, na ambaye angeona alikuwa anatapika. Alipokaribia kurudi nikarudisha. Wiki iliyofuata nikawaambia wenzangu wa viti sita, nao wakawaambia wa siku nyingine. Tulicheka. Tulikuwa hatujacheka mle ndani tangu tuanze. Nikawa ndiye mkubwa wa chumba, nawaelekeza wageni kama nilivyokuandikia: "Ukisikia mlango umefungwa, hamisha kulia."

Namba kumi na tano ni Mwalimu, yule niliyekuandikia, anayelala.

Dripu ya sita nilimtazama amelala na glavu iko kushoto. Nikasema moyoni, maskini, huyu hakuambiwa. Niliivua kwa taratibu. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa baridi, nikavisugua. Nikamvisha kulia, nikamfuta udende, nikamfunika. Kabla nesi hajaingia nilimrudishia. Nilifanya hivyo wiki saba, Chiriku. Nilikuwa nikirudi nyumbani nimejaa sifa zangu mwenyewe. Nilimwambia hata baba yako kwamba kuna mwanamke namsaidia na hajui.

Siku ya mwisho tuliitwa kusaini. Mwalimu alikuwa mbele yangu. Akashika kalamu kwa kushoto. Ilianguka. Akaiokota, ikaanguka. Mara ya tatu aliishika kwa ngumi, kama mtoto anavyoshika kijiko, akachora kitu. Alicheka kidogo, akamwambia Tumelalaje, "Mimi ni wa kushoto, na ndio huu umenitoroka. Glavu yenu haikunipenda." Tumelalaje akajibu, "Tutazoea."

Nilitoka nje nikatapika kwenye bustani ya maua, na siku hiyo sikuwa na dawa mwilini.

Miaka yote nimejua watu wa kushoto wapo. Nina mkasi wa kushoto dukani, nilimnunulia mwanafunzi wangu. Na sikuuliza. Nilimwona mtu mzima, mwenye akili kunizidi, nikamgeuza kama mwanasesere kwa sababu alikuwa amelala na mimi nilikuwa na huruma. Wanasema wema hauozi. Wangu umeoza mpaka unanuka, na naunusa kila nikishika sindano kwa huu mkono wangu mzima.

Sikutaka kukujibu kwa sababu ya hilo, si kwa sababu ya Profesa wako. Karatasi uliyoitaka nimeiambatanisha, nimesaini, na wenzangu tisa wamesaini. Sahihi ya kumi na moja haipo. Sijaenda kwake.

Shangazi


15 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimeisoma mara moja tu, kwa mara ya pili sikuweza.

Karatasi nilimpelekea Profesa asubuhi ileile. Alinisikiliza huku anasafisha sikio kwa kifuniko cha kalamu, kisha akakiangalia kifuniko. Aliponiuliza nimeipataje, nilimwambia wewe ni shangazi yangu, jambo nililopaswa kusema tangu siku ya kwanza. Alikasirika kwa hilo kuliko kwa fomu mia mbili na sitini na nne. Nimeondolewa kwenye hesabu, sasa niko chumba cha mafaili. Hakina harufu ya mayai, tushukuru kwa hilo.

Lakini watu wa kamati ya maadili ya utafiti waliipata nakala kwa sababu niliwapelekea kabla yake. Kliniki yenu imetolewa kwenye jumla. Taarifa itasema glavu inasaidia, na itasema pia kwa nini wanawake ishirini na wawili hawamo. Mafriji yanabaki. Kuanzia mwezi wa kumi wagonjwa watavaa mikono yote miwili, hakuna tena bahasha.

Mwalimu hana habari. Wanasema wataandika barua kwa "washiriki waliohusika". Nimeiona rasimu. Inaanza na "tunapenda kukufahamisha". Ukitaka aipate kwa mdomo wa mtu kwanza, una wiki mbili.

Nakupenda. Sikuandika hilo kwenye barua yoyote, naona.

Chiriku


3 Septemba

Chiriku,

Marahaba. Baba yako anatembea mpaka dukani na kurudi, anajisifu kama amevuka jangwa. Nywele zimeanza kuota, za mvi zote.

Nilikwenda. Anakaa nyuma ya shule, chumba na sebule. Alinifungulia mlango amevaa kanga juu ya blauzi. Mezani kulikuwa na daftari la watoto la mistari mipana, anajifunza kuandika kwa kulia, a, e, i, ukurasa mzima. Nilitaka kurudi.

Nikamwambia yote nimesimama. Nilipomaliza akasema, "Niliamka mara moja. Nikakuona unanivua."

Nikamuuliza kwa nini hakusema kitu.

"Nilidhani umetumwa na nesi. Halafu ulikuwa unanifuta mdomo. Nikaona haya kukuuliza."

Nikamwambia anitukane. Akasema hana tusi la kutosha na mdomo bado una vidonda. Alikuwa ananitazama vile unavyotazama kitu ulichokikanyaga, na hakulificha, na mimi sikutazama chini. Nikainuka niage.

Ndipo akaifungua kanga. Blauzi ilikuwa wazi kutoka juu hadi chini. Vifungo vidogo vile vya kuvalishwa kitanzi, mimi mwenyewe huvishona kwenye sare za walimu, wanasema vinapendeza.

"Tangu Aprili navaa kanga juu," akasema. "Jirani ananifunga Jumapili tu. Nifunge."

Nilimfunga. Vilikuwa vinane. Mkono wangu wa kushoto haukushika hata kimoja, nilitumia kulia tupu, na yeye alikuwa anakiangalia kile kidole gumba changu kinavyosukuma kifungo ndani ya kitanzi, kimoja baada ya kingine, bila kukosea. Sijawahi kuuchukia mkono wangu kama pale.

Nilijitolea kumtolea vile vifungo nimwekee zipu, zipu angevuta kwa meno. Akakataa.

"Kesho saa moja asubuhi," akasema. "Shule inaingia saa mbili kasorobo. Usichelewe."

Nakwenda kila siku. Hatuzungumzi sana. Jana alinionyesha jina lake alilolianza kwa kulia, herufi tatu, zimelala kama walevi, na akaniuliza kama zinasomeka. Nikamwambia hazisomeki. Akasema, "Vizuri, leo umeuliza macho yako kwanza, si huruma yako." Kisha akainua kidevu, nikaanza kifungo cha juu.

Shangazi yako